Umeme Ulikatika, Gemu Ikawa Nyepesi

Ijumaa moja ya Februari 2023, saa tatu usiku, mdogo wangu alikuwa ameshika padi na mshambuliaji wake amebaki peke yake na kipa. Dakika ya 88, sare ya bao moja kwa moja. Ghafla wachezaji wote uwanjani wakaanza kutembea kama watu wanaovuka mto maji yakiwa kifuani. Mpira ukaelea. Kipa akaruka, akabaki hapo hapo angani. Mdogo wangu alibonyeza kitufe cha kupiga, kimya. Akabonyeza tena, mashine ikakumbuka yote mawili kwa mpigo, na mpira ukaishia karibu na kibendera cha kona. Akaiweka padi mkekani taratibu, akaniambia, "Kaka, hii laptopu inakufa."

Niliinunua mtumba Kariakoo mwaka 2021. Ilishatumika ofisini Ulaya kabla ya kufika huku. Kibandiko cha namba ya mali ya ofisi bado kipo chini yake. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ni Core i5-7200U, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, diski ya kawaida ya TB 1, na kadi ndogo ya grafiksi, ile inayochora picha za gemu, Nvidia 940MX yenye kumbukumbu ya GB 2. Anayejua magemu ataona mara moja kwamba si mashine ya makeke. Lakini PES 2021, gemu yetu ya mpira, ilikuwa inateleza vizuri kabisa, na sisi hatukuhitaji zaidi ya hapo. Mchana nafungia hesabu za maduka mawili, jioni inakuwa ya mdogo wangu.

Alihamia kwangu akiwa kidato cha pili, baada ya baba kufariki. Miezi ya mwanzo hatukuwa na maneno mengi. Mimi nilishazoea kuishi peke yangu, yeye alikuwa mtoto mwenye msiba. Tukaanzisha Master League, ule mchezo wa ndani ya PES wa kuiongoza timu msimu baada ya msimu, timu moja watu wawili: mechi za nyumbani anacheza yeye, za ugenini nacheza mimi. Tulipofika msimu wa nne tulikuwa tunaongea habari za shule, za mama, za kila kitu, macho yakiwa kwenye skrini. Kwa hiyo laptopu ilipoanza kustaki, kwangu halikuwa jambo dogo.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba haikuwa na mpangilio. Siku moja mnacheza mechi tatu bila tatizo, kesho yake hata menyu inajivuta. Siku nyingine inaanza vizuri, halafu kipindi cha pili inaingia majini. Sasa fikiria unamweleza mtu tatizo la namna hiyo. Kila niliyemweleza alikuwa na dawa tayari: virusi hivyo, ongeza RAM, hiyo ni laptopu ya ofisi usiilazimishe, piga Windows upya.

Nikaanza na hiyo ya mwisho kwa sababu ndiyo iliyosemwa na wengi. Kijana mmoja anayetengeneza simu na kompyuta karibu na kituo cha daladala alinipigia Windows kwa shilingi 15,000, na kwa nia njema akazima masasisho ili yasinimalizie bando. Hesabu za maduka nilikuwa nimezihamishia kwenye flashi. Misimu minne ya Master League sikuikumbuka. Faili za PES zinazohifadhi mchezo hukaa kwenye folda ya Documents, na folda hiyo ilifutwa pamoja na kila kilichokuwemo. Mdogo wangu alifungua gemu, akaitazama ile orodha tupu, akaifunga, akaenda kuosha vyombo bila kutumwa. Sikumsikia akilalamika hata mara moja. Ningependa angelalamika.

Na gemu yenyewe ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Nikanunua RAM, kipande cha pili cha GB 8 kwa shilingi 70,000. Siku ya kwanza tukaona nafuu, tukapongezana. Siku ya pili yale yale. Hapo nilishatoa 85,000, na sijui hata ninachokitafuta.

Wakubwa wa nyumbani kwetu walikuwa kila homa wanaiita malaria. Mtu akishikwa na baridi anameza dawa, akipona ilikuwa malaria, asipopona anameza nyingine. Siku hizi zahanati wanakutoboa kidole kwanza, kipimo kinatoa jibu kwa dakika kama kumi na tano, na wengi wanaambiwa si malaria, tafuta kingine. Mimi nilikuwa naimezesha laptopu dawa bila kuitoboa kidole.

Kipimo cha kwanza kililetwa na umeme wenyewe. Jumapili jioni, wiki ya pili ya Machi, tulikuwa katikati ya mechi ya kirafiki, gemu inajikokota kama kawaida, umeme ukakatika. Feni ya dari ikaanza kuzubaa, taa zikazima, tukabaki na mwanga wa skrini. Betri ilikuwa asilimia 58. Mdogo wangu akasema, "Tumalizie hii tu, Kaka." Na pale pale, gizani, wachezaji wakatoka majini. Pasi zinafika. Kipa anaruka na kutua. Tulitazamana. Tukacheza dakika zote zilizobaki hakuna aliyesema neno, maana kila mmoja aliogopa kuliharibu.

Umeme uliporudi, nikaona kwa macho yangu gemu inarudi majini. Nikachomoa chaja: ikawa nyepesi. Nikachomeka: ikawa nzito. Nilifanya hivyo mara sita, mdogo wangu anahesabu.

Kila mtu anajua laptopu ikiwa kwenye betri hupunguza nguvu ili chaji idumu. Ya kwetu ilikuwa inafanya kinyume, na kinyume hicho ndicho kilichonifanya niache kusikiliza ushauri na kuanza kuangalia namba.

Namba zenyewe zipo ndani ya Windows, hazihitaji kununuliwa. Unabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager inafunguka, unaingia sehemu ya utendaji, unachagua CPU. Pale chini kuna kasi ya prosesa. Ya kwangu, i5-7200U, kasi yake ya msingi ni GHz 2.5 na ikipewa kazi inaweza kupanda hadi 3.1. Niliacha gemu iendelee kwenye dirisha dogo na Task Manager pembeni. Chaja imechomekwa: 0.79. Nikachomoa: 2.9. Nikachomeka, sekunde mbili hivi, 0.79 tena. Yaani prosesa ilikuwa inafanya kazi kwa takriban robo ya uwezo wake, na sisi tunailaumu RAM.

Hapa niseme jambo kwa atakayejaribu. Namba hiyo itazame gemu ikiwa inaendelea. Mashine ikiwa imetulia, prosesa hushusha kasi yenyewe ili kupumzika, na ukiiona iko 0.8 wakati huo haina tatizo lolote. Tatizo ni pale inapobaki huko chini wakati kazi ni nyingi.

Chanzo kilikuwa chaja. Ile iliyokuja na laptopu iliungua Novemba, nikanunua nyingine ya 25,000 ambayo kichwa chake kinaingia vizuri na nyuma imeandikwa wati 65 kama ya zamani. Ukikitazama kichwa cha chaja ya aina hii kwa karibu, katikati ya kile kitundu utaona pini nyembamba kama sindano ya kushonea. Pini hiyo haipitishi umeme wa kuiendesha mashine. Kazi yake ni utambulisho: ndani ya chaja kuna chipu ndogo, na laptopu inaiuliza kupitia pini hiyo, wewe ni wati ngapi? Ikijibiwa 65, inaachia prosesa ifanye kazi na betri inapata chaji. Isipojibiwa, inaichukulia chaja kuwa dhaifu, inasimamisha kuchaji na kuishusha prosesa hadi chini kabisa ili isivute umeme mwingi ikaunguza kitu. Ni ulinzi, na ni ulinzi wa busara. Waya wa utambulisho ndani ya chaja yangu ulikuwa umelegea: ukilala vizuri jibu linafika, ukipinda kidogo halifiki. Ndiyo maana siku nyingine tulicheza vizuri na siku nyingine hapana. Yote yalitegemea waya umelalaje sakafuni.

Na laptopu ilishaniambia. Kila nilipoiwasha asubuhi ilikuwa inatoa maandishi meupe kwenye skrini nyeusi kwamba imeshindwa kuitambua chaja, bonyeza kitufe uendelee. Nilikuwa nabonyeza. Nina haraka, nawahi kazini, nataka iwake. Miezi mitatu nimebonyeza. Siku hizi nikikaa mbele ya mashine ya mtu, kabla ya yote naizima na kuiwasha, nasoma kila mstari unaopita.

Jumatatu nikamwomba mwenzangu kazini chaja yake, laptopu yake ni ya kampuni ile ile. 2.9, na haikushuka. Nikanunua chaja nzuri kwa 45,000, lakini safari hii nilikwenda na laptopu dukani, nikafungua Task Manager pale pale kaunta, muuzaji akasubiri kwa uvumilivu mpaka niliporidhika.

Tukadhani tumemaliza. Kipindi cha kwanza cha mechi ya kwanza kilikuwa raha tupu. Mechi ya pili, dakika kumi na mbili tangu tuwashe, tukaanza tena kuzama.

Hapo nilikaribia kukata tamaa kweli. Kumbe ugonjwa haukuwa mmoja. Chaja ilikuwa imefunika mwingine chini yake: prosesa ikifanya kazi robo haipati joto, na sasa imeachiwa nguvu zake zote, joto likajitokeza. Nimeona baadaye kwa watu wengine pia, unatibu tatizo la kwanza halafu unaonekana kama hukutibu kitu, unarudisha ulichonunua, unaanza upya. Kama si daftari ningefanya hivyo hivyo.

Daftari lilikuwa wazo la mdogo wangu. Alichukua la mraba alilobakiza la hisabati, akachora safu: muda, joto, kasi, fremu, yaani picha ambazo gemu inachora kila sekunde. Nikapakua HWiNFO, programu ya bure inayosoma vipimo vilivyomo ndani ya mashine, tukaweka na kihesabu cha fremu kwenye kona ya skrini. PES ikienda sawa inatoa fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha inatakiwa iwe tayari ndani ya milisekunde 16 na ushee. Ikichelewa, gemu hii hairuki picha. Mchezo wenyewe unapunguza mwendo, ndiyo ule mwendo wa majini. Mimi nacheza, yeye anaandika kila dakika mbili. Ukurasa wa kwanza bado ninao. Dakika ya 0: nyuzi 61, GHz 3.1, fremu 52. Dakika ya 6: nyuzi 86, GHz 3.0, fremu 50. Dakika ya 12: nyuzi 97, GHz 1.4, fremu 27, na pembeni ameandika kwa herufi kubwa, IMEANZA.

Prosesa hii kikomo chake ni nyuzi 100. Ikikaribia hapo inajipunguza kasi yenyewe isiungue. Na kumbuka inapozwa kwa hewa ya chumbani; haiwezi kuwa baridi kuliko chumba kilichoikalisha. Dar es Salaam mwezi wa pili na wa tatu, chumba cha bati bila upepo, unaanza tayari na nyuzi thelathini na kitu. Mashine ambayo Ulaya ilikuwa inahema vizuri, huku kila nyuzi ya chumba inapanda nayo.

Nilimpelekea fundi mzee wa Tandika, anayetengeneza redio na televisheni tangu sijazaliwa. Nilimwamkia, nikamwonyesha ukurasa wa daftari. Aliusoma wote, kidole kikifuata mstari kwa mstari, akasema, "Kijana wangu, wewe umeniletea mgonjwa na cheti chake." Akanivutia kigoda nikae nitazame.

Alichofanya kwanza ni kuchora umbo la laptopu kwenye kipande cha boksi. Kila skrubu aliyoitoa akaichomeka kwenye boksi mahali pake pale pale, kumi na moja, kwa sababu mbili kati yake ni fupi, na ndefu ikiingizwa palipo na fupi inatoboa upande wa pili. Kifuniko kilipotoka, kabla ya kugusa chochote akachomoa waya wa betri. Kisha feni. Kwa nje ilionekana safi tu, vumbi kidogo kwenye mapanga. Akafungua kifuniko chake, akachomeka njiti ya meno katikati ya mapanga yasizunguke, akainua.

Kati ya feni na yale mapezi ya chuma yanayotolea joto kulikuwa na kitu kama kipande cha blanketi. Cha kijivu, unene wa sarafu mbili, kimeshikana kiasi kwamba alikitoa kizima kwa kibanio na kuniwekea kiganjani. Nilikikunjua: nyuzi za godoro, nywele, vumbi la barabara, na pamba nyeupe ya mto. Gemu tulikuwa tunacheza laptopu ikiwa kitandani, matundu ya hewa ya chini yamezama kwenye shuka, na feni inavuta kile ilichokipata. Mara mbili nilishaipuliza kwa blowa kutoka nje nikijua naisafisha. Fundi akanionyesha kwa nini haikusaidia: blanketi limelala upande wa ndani, ukipuliza kutoka nje unalisogeza tu, feni ikizunguka linarudi.

Halafu pesti, ile inayopitisha joto. Ya kati ya prosesa na bomba la shaba ilikuwa imekauka na kupasuka kama ukoko wa chini ya sufuria. Aliiondoa kwa spiriti na kitambaa laini mpaka chipu zote mbili, ya prosesa na ya Nvidia, zikawa zinang'aa kama kioo, akaweka tone la pesti mpya la ukubwa wa punje ya mchele kwenye kila moja. Wakati wa kurudisha bomba la shaba hakukaza skrubu moja hadi mwisho. Alifuata namba zilizochorwa kwenye chuma chenyewe, moja, mbili, tatu, nne, kidogo kidogo kwa mzunguko, ili ishuke sawasawa. Nilimlipa 20,000. Hakutaka zaidi, ila aliniomba kile kipande cha boksi kibaki kwake, akakiandika jina la mfano wa laptopu na kukiweka juu ya kabati pamoja na vingine vingi.

Usiku huo mdogo wangu akaandika: dakika ya 30, nyuzi 79, GHz 3.0, fremu 51. Tukahama kitandani. Sasa inakaa juu ya meza, na kwenye pembe mbili za nyuma nimeweka vifuniko vya chupa za maji. Vifuniko hivyo peke yake vimetushushia nyuzi nne, tulizipima siku mbili mfululizo tusiamini.

Lakini mwenye macho ameshaona: fremu 51. Kabla ya haya yote tulikuwa tunapata 60 zisizotikisika. Joto zuri, kasi nzuri, bado kuna kitu. Nikarudi Task Manager, safari hii upande wa kadi ya grafiksi, nikakuta iliyopo ni moja tu, Intel HD Graphics 620, ile ya ndani ya prosesa, imelemewa asilimia 100. Nvidia haimo kabisa. Kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta, mahali pake kulikuwa na alama ya njano ya mshangao.

Laptopu kama hii ina kadi mbili. Ya Intel inashughulikia kazi ndogo ili kuokoa betri, ya Nvidia inaitwa kazi ikiwa nzito. Windows ilipopigwa upya masasisho yakiwa yamezimwa, draiva ya Nvidia, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, haikuingia, na bila draiva ile kadi ni chuma tu. Tangu siku ile tulikuwa tunacheza kwa kadi ya Intel bila kujua. Ndiyo maana gemu ilikuwa mbaya zaidi baada ya kupigwa Windows, na ndiyo maana pia RAM ilileta nafuu kidogo: Intel HD 620 haina kumbukumbu yake, inakopa RAM ya mashine, na vipande viwili vikifanya kazi sambamba njia ya data inakuwa pana mara mbili. Kwa hiyo ile 70,000 haikupotea yote, na hesabu zangu za mwisho wa mwezi zinafunguka haraka zaidi sasa. Ila haikuwa jibu la swali letu.

Draiva ilikuwa zaidi ya MB 500, nikaisubiri bando la usiku. Asubuhi nikaisakinisha kutoka tovuti ya Nvidia yenyewe. Nakusihi, usichukue draiva kwenye zile tovuti za katikati zinazokuahidi kukutafutia zote kwa kubonyeza mara moja. Nimesafisha laptopu za watu zilizojaa takataka kutoka huko. Kisha kwenye mipangilio ya skrini ya Windows, sehemu ya grafiksi, nikaichagua PES na kuiambia itumie kadi yenye nguvu. Fremu 60. Joto lilipanda nyuzi tatu, likatulia 82.

Ubora wa picha tulikubaliana kuupunguza. Skrini ni ya 1920 kwa 1080, zaidi ya nukta milioni mbili za kuchora kila fremu. Kwa 1600 kwa 900 zinakuwa milioni moja na laki nne na ushee. Ukiwa umekaa umbali wa mkono na nusu, na mpira unaelekea golini kwako, tofauti huioni.

Mwaka uliofuata mdogo wangu akataka GTA V, gemu ya kuzunguka mji mzima kwa gari, na hapo tukakutana na diski. Fremu zilikuwa nzuri, karibu 50, lakini ukiendesha gari kwa kasi barabara inatoweka mbele yako, unaelea juu ya rangi ya kijivu, halafu majengo yanaota ghafla. Daftari likasema prosesa haijachoka, kadi haijachoka, diski ndiyo iko asilimia 100 muda wote. Diski ya kuzunguka haiwezi kusoma mji haraka kama gari linavyoupita. Tukaweka SSD, diski isiyozunguka, barabara zikarudi. Fremu hazikuongezeka hata moja, na anayekuuzia SSD kwa ahadi ya fremu anakudanganya.

Zile programu zinazojiita za kuongeza kasi ya gemu tulizijaribu mbili. Ukurasa wa daftari kabla na baada unafanana. Tukazifuta.

Laptopu ingali hai. Feni imeanza kutoa sauti nyembamba asubuhi ikiwa baridi, fundi anasema beringi, na tayari ananitafutia nyingine Kariakoo. Folda ya Documents sasa inanakiliwa kwenye flashi kila Jumapili, na flashi inakaa kwenye droo ya mdogo wangu kwa sababu yeye ndiye aliyedai kuitunza. Ile misimu minne haikurudi. Kuna beki mmoja kijana tuliyemsajili msimu wa pili akiwa hajulikani, tukamlea mpaka akawa nahodha, na mdogo wangu bado humtaja. Tulianza upya Aprili ya 2023, kwa utaratibu ule ule, nyumbani yeye, ugenini mimi. Mechi ya kwanza ilikuwa ya nyumbani. Alifunga dakika ya tisa, kipa akaruka na kutua palepale alipotakiwa kutua.